Alama za Stacy

Wanaume wawili walihama viti ili Beryl aketi na mwanamke mwenzake, na ndivyo, ndani ya basi dogo la kwenda Wadi Kabir, mtaa wa mji wa Kiarabu alikofanya kazi, alivyojikuta akimweleza Bi Muhsina, mgeni kabisa kwake, kwamba chuo cha Marekani kimesema binti yake Stacy akitaka apeleke alama za mtihani, asipotaka basi.

"Asipeleke, mwanangu. Mtu hajakuuliza umri, unamtajia wa nini?"

"Lakini mama, hesabu amepita sana! Binti ya bosi wangu alimfundisha kila Ijumaa, bure. Nikizificha, shukrani yangu iko wapi?"

"Allah amlipe kheri. Sasa nnakuona wasita nini?"

"Kwa Kiingereza alianguka. Na alama zote huenda pamoja."

"Kiingereza kamfundisha nani?"

Beryl akatazama dirishani. "Mimi."

Basi likasimama.

"Haya, mwalimu," akasema Bi Muhsina, "tushuke."