Bi. Nyamizi Machibya na Daftari la Wakwe

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Nyamizi Machibya, Katibu wa Kampuni yetu ya Masalu Pamba hapa Bariadi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wakurugenzi wamepumua. Sisi wengine bado tunatafuta leso.

Alianza mwaka 1994 akiwa karani wa mizani, akitumbukiza mkono kwenye kila mfuko wa pamba kutafuta maji na mchanga. Mkono huo hakuuacha kwenye mizani. Alihamia nao ofisini.

Kampuni ilipoingia Soko la Hisa mwaka 2008, yeye alishajisomesha hadi kuwa Katibu. Mdhibiti wa soko hilo alitaka kila mkurugenzi atamke maslahi yake, yaani undugu au biashara yoyote inayoweza kumpindishia uamuzi. Wote saba waliandika “Hakuna”. Wacha wee! Bariadi hii, ambako ukimkanyaga mtu sokoni unakuta ni mkweo? Bi. Nyamizi alikodi bodaboda pale Somanda akazunguka nyumba zao zote, akawahoji mama zao badala ya wao. Aliporudi, daftari lilikuwa na kurasa kumi na nne za mashemeji, wakwe na binamu.

Ndipo akaibana bodi ipitishe kanuni ambayo hatujaisikia kwingine: ng'ombe wa mahari ni uhusiano. Aliyetoa, aliyepokea, hata mshenga, anatoka nje hoja ya mwenzake ikijadiliwa. Watu wa Mdhibiti kule Dar es Salaam waliandika barua kuuliza kama ng'ombe hao ni mali ya kampuni. Aliwajibu kwa kurasa tatu, hawakuuliza tena.

Zabuni ya magunia iliwahi kujadiliwa huku nusu ya bodi ikinywa chai uani. Walinuna, lakini wanahisa wadogo wa Mwanhuzi, waliouza mifugo wakanunua hisa, walilala usingizi.

Februari mwaka huu yakamfika mwenyewe. Aliomba mkataba wa miaka miwili zaidi, na aliutaka kweli. Alishatuambia kwamba nyumbani atabaki kugombana na kuku. Bodi nzima, pamoja na kununa kwake kote, ilimtaka pia. Kasoro ilikuwa moja: Desemba binti yake aliolewa na mtoto wa Mwenyekiti, Mzee Mashimba. Mkurugenzi mmoja alikuwa mshenga, na watatu walichangia ng'ombe.

Wengine tulisubiri tuone kama mkuki ni mtamu kwa nguruwe tu. Kabla hoja haijaanza alifungua daftari, akasoma majina matano. Mzee Mashimba akamsihi afumbe macho kwa asubuhi hiyo moja. Alimjibu hivi: “Mkwe, kanuni haina shemeji.”

Watano wakatoka. Naye akatoka, maana hoja ilikuwa yake, akaniachia kalamu mimi msaidizi wake. Walibaki wawili, na akidi ni wanne. Niliandika kwa mkono wangu kwamba hoja imeshindikana, na sioni haya kusema kuwa nililia juu ya muhtasari. Nilipochungulia uani, alikuwa anawamiminia wakurugenzi chai.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kutoka nje. Nenda salama nyumbani Bukundi, upate afya, wajukuu na kuku wasikivu.

Mwandishi, Josia Ngeleja, Katibu Msaidizi, anatamka maslahi: amekula ugali kwa Bi. Nyamizi mara zisizo na idadi, na anampenda kama mama yake. Kwa mujibu wa kanuni, hakustahili kuandika wasifu huu. Tulitafuta mfanyakazi asiyempenda, akidi haikutimia.