Mzee Chembe na Kipande Kilichobaki Tanurini

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, familia inaomba mtulie kidogo msikie maisha ya mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Chembe, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa pili wa mfua vyuma, akasoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo mjini, akahitimu uhandisi wa metali mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaajiriwa maabara ya kupima vyuma, asihame tena.

Tarehe 5 Agosti 1978 alimwoa mwalimu wa hesabu, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba, binti, akamfuata baba hadi maabara ile ile.

Kazi yao ilikuwa kuyeyusha metali tano kwa viwango sawa ziwe chuma kimoja, kisha kukitundikia mzigo waone kinavyorefuka na kupinda. Marehemu, na kichwa chake kigumu mnakijua, alishikilia kwamba nguvu ya chuma iko kwenye chembe zake, zile zinazoonekana kwa hadubini, kwamba zikiwa ndogo chuma hakipindi ovyo. Binti akasema hiyo ni kweli kikiwa baridi, lakini kwenye moto mkali chembe ndogo huteleza, na tena kiwango cha metali moja kikipunguzwa chuma huvumilia zaidi. Mwaka 2016, mbele ya wageni, baba alimwambia aketi, asiwapotezee watu muda. Binti aliketi, na tangu hapo, tusidanganyane, salamu zao zilipitia kwa mama, miaka ikapita, nyumba nzima ikaumia.

Mwaka 2023 marehemu aliugua figo, na akiwa kitandani alimwita binti, akataka ubishi uishe kwa kipimo: kipande chake chenye chembe ndogo, na cha binti chenye chembe kubwa na metali moja iliyopunguzwa, vitundikwe mzigo sawa tanurini, kwenye joto sawa. Binti alinung'unika kwamba kubadili mambo mawili kwa mpigo ni kosa la kumfelisha mwanafunzi, lakini akakubali. Kipande cha baba kilirefuka, kikakatika; cha binti kikabaki kinaning'inia. Binti alipomletea habari, huku akiogopa, mzee alicheka hadi muuguzi akaja mbio, akakiri kwamba mtoto kamshinda, na kwamba yeye ndiye aliyemkosea. Walilia wote wawili.

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuosha vyombo, na wafanyakazi wenzake, waliouliza kama tanuri lizimwe kwa ajili ya msiba, mama akakataa, maana marehemu hakuruhusu kamwe tanuri lizimwe kipande kikiwa bado kinaning'inia.

Mzee Chembe, pumzika kwa amani. Hadi tunatoka nyumbani asubuhi hii, kipande cha binti yako hakijakatika.