Yule Binti Alisema Nini

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba na ghala la ushirika hapa Bariadi kufungwa, ukuta wake ulibaki na kazi mbili: upande huu kibanda cha video, upande ule benchi la kahawa. Kila alasiri Januarius alikaa pembeni kabisa mwa benchi. Walimwita Mkalimani, maana ndiye aliyeshika kipaza sauti kibandani na kuwaeleza watu kwa Kiswahili Wazungu wanasema nini. Akikiweka chini hakuwa na wa kuongea naye. Mkewe alisharudi kwao Kalemela, chumbani amebaki yeye na redio mbovu, kwa hiyo benchi lile alilipenda kuliko alivyoonyesha. Wiki mbili hizo gumzo lilikuwa moja tu: mkanda wa kutisha wa yule binti wa shule anayechekwa na wenzake, akamwagiwa ndoo ya damu kwenye dansi, naye akauteketeza ukumbi kwa kuutazama tu.

— Kosa ni la mama yake, alisema Breki, fundi baiskeli. Anamfungia mtoto kabatini kama ndizi mbichi. Unategemea aivie nini humo?

— Acha hizo, alisema Novatus, karani wa ushirika aliyepunguzwa kazini, ambaye walimwita Profesa. Chanzo ni lile gauni. Mtumba ule. Unajua marehemu gani alilivaa?

— Marekani nako kuna mtumba? Wa nani?

— Wa Wajerumani.

Mzee Kwandu, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, alitema mate pembeni.

— Nyie hamjui kitu. Kosa ni damu ya nguruwe. Wangemwaga ya fahali, saa hizi tungekuwa tunazungumzia mvua.

— Mkalimani, hebu amua, alisema Breki. Mchawi, si mchawi?

— Mchawi, alisema Januarius. Alirithishwa na bibi yake. Si niliwaambia?

Waliitikia kwa vichwa, na moyo wake ukatulia. Hivyohivyo ndivyo alivyosema kibandani, kwa ile sauti yake nzito, na watu wakarudi kesho yake.

Hapo mama mmoja wasiyemjua akasimama mbele yao, miguu imejaa vumbi.

— Mwadila, baba zangu.

— Mwadila, mayu. Karibu kahawa.

— Sikufuata kahawa. Naitwa Blandina, nimehamia juzijuzi kutoka Shishiyu. Mkalimani ni yupi?

Januarius aliinua kikombe chake.

— Binti yangu Salu ni mpole, haongei sana. Ubao ulianguka darasani, naye alikuwa anautazama. Basi. Sasa wenzake wanamwita mchawi wa video, wanamkimbia. Leo siku ya tisa hatoki ndani. Namuuliza, hanijibu. Nikaona nije kwako unayejua Kiingereza. Yule binti wa kwenye mkanda, walipokuwa wanamcheka, mwenyewe alikuwa anasema nini? Labda nitajua pa kuanzia na wangu.

Breki alimtazama Profesa. Mkanda walishauona mara tatu.

— Alikuwa analia, alisema Breki.

— Kulia hata mimi najua. Nauliza alisema nini.

Wote wakamgeukia Mkalimani. Januarius aliukumbuka mdomo wa yule binti ukicheza. Kila ulipofunguka, yeye alikuwa anaongea juu yake. Na hata angenyamaza ingekuwa kazi bure, maana Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, na miaka minne yote alikuwa anabuni. Jibu alikuwa nalo tayari: anawalaani. Neno moja tu, na kesho angekaa palepale pake kama kawaida.

— Sijui, mayu, alisema. Kiingereza kile sikijui. Mambo ya uchawi niliyaweka mimi.

Mzee Kwandu aliinamia kikombe. Profesa alisogea kidogo, nafasi kati yake na Januarius ikawa kubwa. Breki alilitikisa birika, kumbe lilikuwa tupu.

Blandina alimtazama Januarius. Uso wake ulikuwa na hasira, lakini uchovu ulikuwa mwingi zaidi.

— Basi twende ukamwambie hivyo.

— Nani?

— Salu. Na ukishamwambia, usiendelee kuongea. Kaa tu, mpaka aseme yeye.

Januarius aliweka kikombe chini, akamfuata. Nyuma yake, benchini, hakuna aliyemwita.