Kioo Cheusi cha Fundi

Tangu Jumanne ile mumewe alipofariki, mama mwenye duka hakuomba tena. Kila mfariji alimweleza sababu ya Mungu kumchukua, na hakuna hata moja iliyomwingia.

Siku moja ndani ya basi, kiti cha mbele yake, muuza vitabu alikuwa akimfafanulia fundi wa kuchomelea mipango ya Mungu, utadhani ndiye karani wa kikao chenyewe.

"Mwanangu," fundi akamkatiza, "mimi hata moto wangu nautazama kwa kioo cheusi. Naona kinukta tu, na geti linaungika. Wewe Mungu umemwona mzima mzima, kwa macho makavu?"

"Kumbe hujui kitu, mzee!"

"Najua kidogo. Kinanitosha kuomba."

Basi likasimama, mama akashuka. Sasa duka hulifungua peke yake, na kabla ya kugeuza ufunguo huomba.