Mikono Miwili ya Kushoto

Kwenye treni, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alifunga kitabu akajipigia makofi. "Cha kumi na mbili cha yule mchawi wa ghorofani nimekimaliza!"

Mzee jirani yake akaguna. "Vitabu kumi na viwili vya mchawi anayeishi ghorofani? Mama, huna kazi?"

"Ninayo, baba. Juzi nilishona koti, mikono yote miwili ya kushoto, kisa huyo mchawi. Mwenye koti akaja juu. Nikamsomea ukurasa mmoja tu. Sasa yuko kitabu cha tatu, na koti hata haliulizii."

"Upuuzi mtupu," alisema mzee, huku akirefusha shingo kuchungulia jalada.

Treni iliposimama, fundi akainuka. Mzee akamuwahi: "Kwani huyo mchawi walimkamata?"

"Cha kwanza kina foleni, baba. Wewe ni wa tano."