Bi. Severa Mapunda na Daftari la Muziki wa Kabatini

Jumamosi hii, tarehe 31 Machi 2007, Bi. Severa Mapunda anastaafu baada ya kuitumikia Mshale Video kwa miaka kumi na sita. Aliripoti kazini tarehe 2 Aprili 1991, wakati kampuni yetu ikiwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri hapa Gerezani, Dar es Salaam. Anaiacha ikiwa na ghorofa nzima, kiyoyozi kinachofanya kazi, na ngazi ambazo mpaka leo hazina taa. Taa hiyo ameahidiwa tangu mwaka 1994, na ameniomba niitaje humu, kwenye kijitabu cha hafla ya kumuaga.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Mwaka 1990 shirika lilipunguza wafanyakazi, na Bi. Severa akapewa kazi ya kupiga chapa barua za kuwaaga wenzake. Alizipiga wiki nzima. Siku ya Ijumaa akaletewa jina la mwisho katika orodha, na jina hilo lilikuwa lake. Akaipiga barua yake, akasahihisha kosa moja, akaitia kwenye bahasha. Kisa hiki hukisimulia kwa kucheka, ingawa hucheka kidogo tu.

Bwana Rajnikant, mwenye kampuni, alimwajiri kuandika oda za video za harusi. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka mapya yakichipuka Kariakoo kila wiki, na runinga zilipoanza kuingia majumbani kila mwenye duka akataka tangazo. Tangazo linataka muziki. Studio nyingi zilichukua wimbo wowote unaovuma zikaubandika bila kumuuliza mtu. Bi. Severa alikataa katakata, akamwambia Bwana Rajnikant kuwa mwenye bendi naye ana watoto wanaokula. Kwa ushauri wake zikaagizwa CD kumi na mbili kutoka London. Zilikuwa na muziki mtupu, usio na mwimbaji, uliorekodiwa ili studio yoyote iliyoununua iutumie kwenye video za wateja wake. CD hizo zilifungiwa kwenye kabati la chuma, nasi tukauita muziki wa kabatini.

Shida ni kwamba waliourekodi hawakuijua Kariakoo. Majina yaliyoandikwa kwenye makasha hayakutusaidia kitu. Basi Bi. Severa akavaa sweta lake, maana chumba cha mitambo kina baridi na yeye huvaa sweta Dar es Salaam mwaka mzima, akasikiliza vipande vyote kimoja kimoja, akavipa nambari na kuviandika katika daftari kubwa la jalada gumu. Nambari 3: "Mtu anafungua duka asubuhi, ana matumaini." Nambari 9: "Sabuni." Nambari 22: "Harusi ya watu wanaopendana. Kama wamelazimishwa, tumia 23." Wateja walikuwa wakija na picha zao, yeye akiwauliza maswali mawili matatu kuhusu biashara, kisha akifungua kabati bila kutazama daftari. Mara chache sana alikosea.

Mimi niliajiriwa Januari 1996 kama mhariri wa video, kwa majaribio ya miezi sita. Naomba niseme wazi kuwa kukaa chumba kimoja na Bi. Severa si kazi nyepesi. Anakula mihogo ya pilipili juu ya kanda za wateja. Anaimba alto ya kwaya ya Ilala huku mwenzake akihesabu sekunde. Akiona umekaza sauti, anakuja kuipunguza bila kukuomba. Tuligombana karibu kila siku, na wakati mwingine mimi ndiye niliyekuwa na haki.

Machi mwaka huo Mzee Mbaruk, mfanyabiashara wa runinga na mafeni, alikuwa akifungua duka lake la kwanza Mtaa wa Aggrey. Bi. Severa alimchagulia Nambari 14, ambayo huanza kwa piano tamu, ya kistaarabu, kwa video ya sekunde arobaini. Kesho yake Mzee Mbaruk akataka video ya dakika kumi, ichezwe kwenye runinga nane za dirishani siku ya ufunguzi. Bi. Severa alikuwa nyumbani na malaria. Kazi ya kuirefusha ilifanyika bila yeye.

Ikabidi muziki nao urefushwe. Kilichorudiwarudiwa ni kipande cha katikati, ambako piano inanyamaza, vinaingia violini na kinanda, polepole. Kila aliyekulia na redio nchini hapa anazijua sauti za namna ile. Ndizo zinazotangulia matangazo ya vifo.

Jumamosi saa tatu asubuhi runinga nane zilifunguliwa sauti mpaka mwisho. Mtaa ukatulia. Wanawake wakapandisha kanga kichwani. Msukuma mkokoteni akasimama pembeni kupisha jeneza. Mzee Mbaruk, akiwa mlangoni na sinia la halua, akaanza kushikwa mkono na watu asiowajua. "Pole sana, mzee. Ni nani aliyetutoka?" Alidhani ni utani. Saa nne vijana wa msikitini walifika na majamvi, wakauliza wayatandike wapi.

Hadi hapo ni kichekesho, na mtaani kimesimuliwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Lakini mtu mmoja mwenye nia njema alipiga simu Tanga, kwa dada yake Mzee Mbaruk, Bi. Mwanamize, akasema hana uhakika ni nani ila msiba uko dukani kwa kaka yake. Bi. Mwanamize ana presha. Alipanda basi akilia, na Chalinze akaanguka ndani ya basi. Alilazwa siku tano. Siku mbili za kwanza madaktari hawakumwahidi Mzee Mbaruk chochote.

Siku aliyoruhusiwa dada yake, Mzee Mbaruk alipanda ngazi zetu. Hakupaza sauti. Alitaka kumjua aliyeweka muziki ule, na alitaka aondoke kazini. Bi. Severa, aliyekuwa amerudi kutoka malaria asubuhi ile ile na bado anatetemeka ndani ya sweta lake, akasimama. "Muziki ni meza yangu," alisema.

Bwana Rajnikant hakuwa na moyo wa kumfukuza, lakini alimwondoa kwenye muziki na kumrudisha mapokezi, chini kwenye mlango wa ngazi, kuandika oda za harusi kama alivyoanza. Alikaa pale miezi saba kabla ya kurudishiwa meza ya muziki. Mtu mwingine yeyote angenuna. Yeye akagundua kuwa muziki tunaoucheza juu unasikika mpaka mtaani, na kwamba wapita njia hawajui kudanganya. Akaomba spika izungushwe, itazame mlango. Tangu wakati huo hakuna muziki uliotoka Mshale Video bila kuchezwa kwanza mlangoni, Bi. Severa akiwa kwenye kiti anatazama miguu ya watu. Wakiongeza mwendo, sawa. Wakitingisha kichwa, sawa zaidi. Mtu akipunguza hatua na kutazama chini, muziki huo unarudi kabatini. Studio nyingine sasa zinatuiga, na hatujamdai mtu shukrani.

Mwaka 1998 mmoja wa wapita njia alisimama, akasikiliza Nambari 3 mpaka mwisho, akauliza ni ya nani. Alikuwa Mzee Mbaruk. Alipomwona Bi. Severa alisita, kisha akavuta kiti. Leo ana maduka manne, yote yanatangazwa kwa Nambari 3, na Bi. Mwanamize kila akipiga simu ofisini huanza kwa kuuliza: "Leo mnamzika nani?"

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Bwana Rajnikant ametangaza kuwa kuanzia Jumatatu meza ya muziki ni yangu. Wiki iliyopita Bi. Severa aliniachia daftari juu ya meza bila maelezo. Daftari hilo nilishalifungua zamani, katika miezi ile saba, na nilishauona ukurasa wa Nambari 14. Umeandikwa kwa mkono wake, tarehe ya mwaka 1995: "Mwanzo tu, sekunde arobaini. Usiende mbele, kuna msiba." Daftari lilikuwa wazi juu ya meza ile Ijumaa ya malaria. Aliyerefusha muziki ni mimi. Nilikata kwa kutazama picha tu, sauti nimeifunga ili nihesabu sekunde, na sikulisoma.

Siku aliyokuja Mzee Mbaruk nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya Bi. Severa. Nilikuwa katika mwezi wa tatu wa majaribio, nikiwa na mapacha wa wiki mbili nyumbani. Angefungua ukurasa mmoja tu angebaki mezani kwake na mimi ningeondoka na barua. Alijua barua ile inavyokuwa. Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza miaka kumi na mmoja, na naona aibu.

Juzi nililifungua tena. Chini ya onyo lile la zamani ameongeza mstari kwa wino mpya, kwa ajili ya yeyote atakayekuja baadaye: "Muulize Shomari."

Basi nimeulizwa, na nimejibu. Bwana Rajnikant ameusoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Chapa." Mzee Mbaruk, uliyekaa meza ya mbele, naomba radhi kwako na kwa dada yako. Mwenye kosa si yule mliyemsamehe.

Bi. Severa, asante kwa kazi, kwa ukali wako, na kwa ile asubuhi uliyosimama. Wenzako wote tunakuombea afya na miaka mingi ya raha huko kwenu Songea, shamba la maharage lizae, na redio yako ikuletee habari njema tu. Jumatatu, kama bado mtaniruhusu kukikalia kiti chako, nitaanza kwa kulisoma daftari lote, kuanzia Nambari 1.

Shomari Mkumba
Mhariri wa video