Historia ya Marehemu Mwalimu Hilari Feruzi, na Nafasi Aliyoijaza

Padri wetu, wazee wa kanisa, masheikh na majirani mliokuja kuzika pamoja nasi, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kuwasomea historia hii fupi, nami naomba radhi mapema nikikosea tarehe, maana aliyekuwa akitusahihisha tarehe sote ndiye huyu tuliyemlaza mbele yenu.

Marehemu Mwalimu Hilari Feruzi alizaliwa tarehe 13 Januari 1909 huko Mbweni, Unguja, tunakokwenda kumzika leo, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Feruzi, mwashi, na marehemu Bi Anna, akabatizwa huko huko Mbweni Jumapili ya tarehe 7 Februari mwaka huo. Alisoma shule ya misheni Mbweni, kisha Kiungani kuanzia 1921 hadi 1925, ambako alisifiwa kwa mwandiko wake na kuchekwa kwa mpira wake. Alifundisha hesabu na dini kuanzia 1927 hadi 1946, na tangu Januari 1947 hadi alipolazwa hospitali alikuwa karani wa parokia yetu hapa mjini, akitunza vitabu vya ubatizo pamoja na nyumba ya wageni ya kanisa.

Tarehe 8 Septemba 1934, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bi Perpetua, binti wa mpishi wa misheni aliyeletwa Unguja na baba yake kutoka Likoma, Nyasaland, mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka minne. Walijaliwa watoto wawili, Danieli, aliyetangulia mbele za haki akiwa na miezi minane, na Monika, ambaye ameolewa Tanga, na ambaye leo hayupo hapa kwa sababu kibali cha kuingia Unguja kimetoka cha mtu mmoja tu.

Baada ya Januari 1964 nyumba ile ya wageni, yenye vitanda kumi na viwili, ilijaa hadi ukumbini, wachumaji karafuu kutoka bara waliokosa pa kulala, makuli wa bandarini, wajane waliokuwa wakingoja boti, Wakristo kwa Waislamu, na kwa vile Mwalimu hakutaka mgeni yeyote ale kwa wasiwasi, nyama yote ilichinjwa na kupikwa nyumba ya pili kwa Bi Shemsa, jirani yetu, aliyekataa kabisa kushukuriwa. Kila aliyelala pale aliandikwa kwenye daftari, jina, mahali alipozaliwa, anakotoka, na anakokwenda.

Ulipokuja utaratibu wa kila mtu kuonyesha cheti cha mahali alipozaliwa, waumini walimiminika ofisini kwake. Nanyi mnajua vitabu vyetu vya zamani vilivyo, mapadri wa kale waliandika siku na mahali pa ubatizo, na ile nafasi ya mahali pa kuzaliwa waliiacha tupu kwa watoto wengi waliotoka mbali, basi Mwalimu alinakili kama alivyokuta, nafasi tupu ikabaki tupu, na wakubwa walipoona mtu kabatizwa Mbweni wakamhesabu wa Mbweni. Hakuna aliyesema uongo, na watu wengi walibaki majumbani mwao.

Cheti cha mwisho kukiandika kilikuwa cha mkewe. Hapo, ndugu zangu, mzee wetu alifanya jambo ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya, hakupenda cheti cha mkewe kiwe na pengo, na baba mkwe alikwishamtajia kijiji, basi akachovya kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa Kiungani: Likoma. Nyasaland ilikwishakuwa nchi nyingine. Bi Perpetua, aliyekula chumvi ya Unguja kwa miaka arubaini na minane, akapewa siku kumi na nne awe ameondoka.

Aliondoka kwa boti Alhamisi, tarehe 9 Machi 1967, akaenda Tanga kwa Monika, na pale gatini alimwambia mumewe neno moja tu, "Baba Monika, ile nafasi si ungeiacha tu." Hakulirudia tena, wala kwenye barua. Mwalimu alilirudia kila siku.

Tulimwuliza mara nyingi kwa nini hakumfuata, naye alijibu, "Hawa nnamwachia nani?" akituonyesha vitanda, kisha huongeza kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kurudi, na kwamba kibali cha mama kurudi kimekaribia. Aliandika ombi kila tarehe 8 Septemba, matano kwa jumla, la mwisho mwezi uliopita. Sisi wapwa tulikuwa tukimtania kwamba anachumbia upya. Tulikosea kumtania, mzee alikuwa mpweke sana, na leo nalisema hilo waziwazi kwa niaba yetu sote.

Alianza kuugua moyo mwezi Juni mwaka huu, akalazwa tarehe 20 Septemba, na akafariki dunia alfajiri ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Tulipeleka ombi la mkewe kuja kuzika asubuhi ile ile, na kibali alichokitafuta kwa zaidi ya miaka minne kilitoka kwa siku moja, kikiwa cha siku tatu. Bi Perpetua alifika jana kwa ndege, yuko hapa mbele, na muda wake unakwisha kesho jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Padri na waumini, wafanyakazi wenzake wa parokia, Bi Shemsa na majirani wote wa mtaa, na Mzee Muhiddin, fundi cherehani, aliyekesha naye bila kuombwa na mtu.

Limebaki moja. Jana Bi Perpetua alilala nyumba ya wageni, na kwa kuwa sheria ya marehemu ni kila anayelala aandikwe, tulimletea daftari. Ndipo sote tulipoona kwamba tangu Machi 1967 mzee alifunga chumba chao, akalala kitanda namba tisa, na kila jioni akajiandika katika orodha ya wageni, jina, Mbweni, anakotoka nyumbani, na anakokwenda, yeye aliyeshindwa kuvumilia nafasi tupu, hakupaandika kitu. Mama aliyasoma majina yale ukurasa kwa ukurasa, akaomba kalamu, akaenda kwenye mstari wa mwisho wa mumewe, akaandika anakokwenda: Mbweni. Kisha akajiandika mwenyewe chini yake, na penye mahali alipozaliwa akaandika kwa herufi kubwa, bila kusitasita: Likoma.

Pumzika, Mwalimu Hilari, kwa amani, mkeo ameiona kalamu yako na hana kinyongo.